Panya wa maabara akiugua bila kuambukizwa: tazama ugonjwa unafuata nini

Ukifungua mlango wa chumba cha panya asubuhi ukakuta wote watano wa keji moja wamekufa, na keji za kushoto na kulia ni wazima kabisa, shika chupa ya maji kabla ya kitu kingine chochote. Kwa kawaida vijidudu haviui keji moja yote kwa mara moja na kuiruka ya jirani. Chupa iliyoziba siku 2 au 3 bila kuonekana hufanya hivyo.

Kanuni tunayoitumia katika mwongozo huu ni moja: kabla ya kutuma sampuli au kutia antibayotiki kwenye maji, uliza ugonjwa unafuata nini. Ukifuata keji, tafuta kwenye chupa au ugomvi. Ukifuata gunia, ni chakula. Ukifuata rafu, ni joto au mwanga. Ukifuata wazazi, ni ukoo. Ukifuata tarehe ya kuzaliwa, ni umri. Hii ina maana kwamba kila keji lazima iwe na kadi yenye ukoo, wazazi, tarehe ya kuzaliwa, nafasi kwenye rafu na namba ya gunia la chakula. Bila kadi hiyo utakuwa unabahatisha.

Mwanza jambo hili lina uzito wake. Kichocho cha matumbo kimeenea mwambao wote wa Ziwa Victoria, na panya ndiye mnyama anayetumika tangu zamani kukuza minyoo yake maabara. Minyoo hiyo huumiza ini. Kama ini lilishaumizwa na mahindi yenye sumukuvu kabla ya jaribio kuanza, vipimo vyako vitasema uongo, na mnyama atakuwa ameteseka bila faida kwa mtu yeyote. Tusisahau pia kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikumwacha nje panya kwa sababu ya udogo wake.

Mjue mzima kwanza

Panya mdogo wa maabara aliyekomaa ana gramu 20 hadi 40, kutegemea ukoo na jinsia. Kwa siku hula gramu 3 hadi 5 za chakula kikavu na kunywa mililita 4 hadi 6 za maji. Mimba huchukua siku 19 hadi 21, watoto huachishwa kunyonya siku ya 21, na akitunzwa vizuri huishi miaka 2 hadi 3. Manyoya yake yamelala na yanang'aa, macho yamefunguka, na ukifungua keji anasogea kunusa.

Ukaguzi wa asubuhi uanze kwa kutazama bila kugusa. Panya huwindwa na kila mnyama, kwa hiyo akishikwa hujikaza na kuficha udhaifu. Dakika moja ya kumtazama kupitia ukuta wa keji hukuonyesha aliyejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, macho nusu yamefumba. Huyo ndiye wa kutoa.

Ukimtoa, pima hali ya mwili kwa kidole. Mshike mkia, mwache asimame juu ya kifuniko cha waya, kisha pitisha kidole juu ya uti wa mgongo hadi kwenye nyonga. Alama ya 1 ni mifupa iliyochomoza. 2, pingili zinahesabika moja moja. 3, unazigusa kwa kubonyeza kidogo lakini huzioni. 4, zinapatikana kwa kubonyeza sana. 5, amekuwa duara na mifupa haipatikani. Alama hii mara nyingi husema kweli kuliko mizani. Panya mwenye uvimbe tumboni au maji tumboni anaweza kuonyesha uzito uleule huku misuli ikiisha. Hata hivyo mizani ya kusoma gramu 0.1 lazima iwepo. Akipoteza 10% ya uzito, mtazame kila siku. Akifika 20%, au alama ya mwili ikishuka chini ya 2, mpango wako uliopitishwa na kamati ya maadili unapaswa kuwa umeshasema atapumzishwa, yaani atauawa bila maumivu.

Maji

Panya aliyekosa maji huacha pia kula. Hii ndiyo dalili ya mapema ambayo watunzaji wengi huipita: kapu la chakula halipungui. Baadaye macho huzama, ngozi ya shingo ukiivuta hubaki imesimama, mkia hukauka. Ndani ya siku 2 au 3 hufa, watoto mapema zaidi. Ukipasua, tumbo la chakula ni tupu au lina chakula kikavu, na nyama inanata vidoleni.

Sababu ni chache na zinajulikana. Gololi ya mrija imekwama kwa chokaa ya maji au kipande cha maranda. Kiputo cha hewa kimeziba mrija. Mrija ni mfupi, na kitoto cha siku 21 chenye gramu 8 au 10 hakiufikii hata kikisimama. Au chupa imewekwa vizuri lakini haikujazwa.

Kila chupa mpya inapowekwa, igeuze, igonge gololi kwa kidole chenye glavu safi, na usiiache mpaka tone litoke. Chupa ya mililita 250 kwa panya watano huisha baada ya siku 8 hivi, lakini usingoje iishe. Ibadilishe mara mbili kwa wiki, na usijazie maji juu ya maji ya zamani, kwa maana utelezi ulioshika ndani hubaki pale pale.

Kosa la pili ni kinyume chake: chupa inayovuja. Mililita 250 zikimwagika usiku, matandiko yanakuwa tope, na panya aliyelowa hupoteza joto haraka. Mwanza usiku joto hushuka hadi nyuzi 17 au 18, na hizo zinatosha kuua kizazi kizima cha watoto wasio na manyoya. Usiegemeze chupa kwenye chakula wala kuacha matandiko yaguse ncha ya mrija. Maranda hunyonya maji kama utambi.

Ukimkuta amekauka lakini yu hai, chukua maji ya dripu ya chumvi ya 0.9%, yapashe hadi nyuzi 37, na mchome chini ya ngozi ya mgongoni mililita 1, isizidi 2 kwa mkomavu wa gramu 25, ukigawa pande mbili kwa sindano ya geji 25 au 26. Mweke kwenye keji iliyopashwa nusu moja ili aweze kukimbia joto likizidi. Weka punje za chakula zilizolowekwa chini sakafuni, kwa kuwa hana nguvu ya kunyanyuka hadi kwenye kapu.

Kuhusu maji yenyewe: usichote ziwani kwa ndoo ukaweka kwenye chupa, hata ukiyachemsha. Mwani wa kijani unaotanda kwenye Ghuba ya Mwanza unaweza kutoa maikrosistini, sumu ya ini ambayo kuchemsha hakuivunji, na panya ni mnyama mwepesi sana kudhurika nayo. Tumia maji ya bomba yaliyotibiwa, yachuje, na kama una otoklevu (mashine ya kutakasa kwa mvuke) yapitishe humo. Wanaotia asidi ya hidrokloriki kuzuia bakteria walenge pH 2.5 hadi 3.0. Ukishusha zaidi panya hupunguza kunywa, na umerudi kwenye tatizo lile lile la ukavu. Mrija uwe wa chuma kisichoshika kutu.

Chakula: hapa ndipo penye kazi

Chakula kilichotengenezwa rasmi kwa panya hakipatikani kila mwezi kwenye mwambao huu, na kikiagizwa kutoka mbali kinaweza kufika kikiwa kimeshazeeka. Ndiyo maana maabara nyingi hutengeneza au hutengenezesha. Hakuna ubaya, mradi ujue mitego.

Mtego wa kwanza ni chakula cha kuku. Cha kuku wa mayai kina kalisi ya asilimia 3.5 hadi 4, wakati panya anahitaji takriban asilimia 0.5 na chakula kizuri chake huwa karibu na 1. Kalisi nyingi hivyo huzuia kufyonzwa kwa madini mengine, hasa zinki na magnesi, na huchosha figo. Cha vifaranga kinaweza kuwa na dawa ya kuzuia koksidiosisi. Mojawapo, ampuroliamu, hufanya kazi kwa kujifananisha na vitamini B1; maana yake unampa panya kizuia vitamini kila siku. Ukilazimika siku mbili tatu, soma lebo na uchague kisicho na dawa. Usikifanye mazoea.

Mchanganyiko wa kuanzia kwa kilo 100 ni huu: mahindi kilo 49.2, pumba za ngano 18, mashudu ya soya 20, dagaa waliosagwa 8, mafuta ya alizeti 2, chokaa ya mifugo 1, DCP (daikalsiamu fosfeti) 1, premiksi ya vitamini na madini 0.5, chumvi 0.3. Kwa viwango vya kawaida vya malighafi hizi unapata protini ya karibu 20%, mafuta karibu 6%, nyuzinyuzi karibu 4%. Majike wanaonyonyesha huhitaji mafuta zaidi, kwa hiyo unaweza kuongeza mafuta na kupunguza mahindi kwa kiasi hicho hicho. Kabla ya kulisha koloni zima, peleka sampuli maabara ipimwe protini, mafuta, kalisi, fosforasi na sumukuvu. Malighafi hubadilika kutoka mzigo hadi mzigo.

Mahindi. Sumukuvu si hadithi nchini mwetu: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Panya mkomavu huistahimili kuliko jamaa yake, panya mkubwa wa maabara (rat), na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu hafi. Anaendelea kuishi na ini lililoumia, na watoto wanaozaliwa humo wana hatari kubwa ya uvimbe wa ini baadaye. Joto la otoklevu haliiondoi. Nunua mahindi makavu yasiyozidi unyevu wa 13%, tupa yaliyovunjika na yenye rangi ya kijani au kijivu, na usinunue unga wa pumba usiojua ulikotoka.

Dagaa. Tuna bahati ya kuwa na dagaa karibu. Sokoni Mwaloni Kirumba kuna mzigo kila siku. Lakini wale walioanikwa mchangani hubeba mchanga, na mchanga husaga meno na kuharibu hesabu yako ya protini. Tia konzi moja kwenye ndoo ya maji, koroga, ngoja dakika 2, angalia kilichozama. Waliolowa mvua wakati wa kuanikwa wana mafuta yaliyochacha. Utayajua kwa harufu kali na rangi ya kahawia. Mafuta yaliyochacha hula vitamini E iliyomo kwenye chakula chote, si ya dagaa tu. Tena wapike kabla ya kusaga: samaki wabichi wa aina kadhaa wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na joto ndilo linalokiua. Wenye chumvi wakitumika, ondoa chumvi ya kwenye mchanganyiko.

Soya lazima iwe imekaangwa au imepitia joto kiwandani. Mbichi ina kizuizi cha kimeng'enya kinachosaga protini, na panya atakonda huku tumbo limejaa.

Mashudu ya pamba usiyaguse. Tunajua ni rahisi kupatikana, kanda hii ndiyo ya pamba, na ng'ombe huyala bila shida. Lakini yana gosipoli. Mnyama mwenye tumbo moja hana uwezo wa ng'ombe wa kuifunga sumu hiyo. Hudhuru moyo na ini na kuvuruga utengenezaji wa mbegu za kiume. Madume wakiwa wazima kwa macho lakini majike hawashiki mimba, uliza kiwanda cha chakula kama kiliweka mashudu ya pamba badala ya soya. Hubadilishwa soya ikipanda bei.

Halafu kuhifadhi. Magunia yakae juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, kwenye chumba chenye ubaridi na ukavu uwezavyo kuupata: chini ya nyuzi 21 na unyevu chini ya 50% ndilo lengo. Kwa hali hiyo chakula hudumu miezi 6 tangu kilipotengenezwa. Chumba cha Mwanza kisicho na kiyoyozi hakifikii hapo, hivyo nunua cha wiki 4 hadi 6 tu. Hesabu ni rahisi: kilo 1 hulisha panya 200 kwa siku moja ukihesabu gramu 5 kila mmoja pamoja na kinachomwagika. Lililoingia kwanza litoke kwanza.

Otoklevu hutakasa, lakini huua vitamini B1 kwa kiasi kikubwa na hupunguza vitamini A. Ukitakasa kwa nyuzi 121, mwambie mtengenezaji aongeze premiksi tangu mwanzo, na usipitishe chakula kilekile mara mbili. Mvuke pia huzifanya punje kuwa ngumu kama kokoto. Watoto walioachishwa leo hushindwa kuzitafuna na hufa kwa njaa mbele ya kapu lililojaa. Loweka punje chache kwa maji safi, weka sakafuni siku 3 hadi 5 za kwanza, ubadilishe kila siku kabla hazijaota ukungu.

Utajuaje upungufu ni wa nini? Kwa nadra unakuwa wa kirutubisho kimoja. Ila dalili hizi husaidia. Degedege, kuzunguka mahali pamoja na kichwa kuinama ukimning'iniza mkia huelekeza vitamini B1, hasa baada ya otoklevu. Mimba zinazoyeyuka tumboni na misuli dhaifu: vitamini E, na hapo kanuse mafuta na dagaa. Manyoya kunyonyoka mabegani na shingoni pamoja na kukonda: zinki. Mkia wenye magamba na manyoya kupungua: mafuta muhimu. Manyoya meusi kufifia kuwa ya kijivu kwa panya mchanga: biotini au asidi ya pantotheniki. Kupooza miguu ya nyuma: vitamini B6 au pantotheniki. Ini la manjano lenye mafuta: kolini. Kutetemeka, macho makavu na madume tasa: vitamini A, ingawa nyingi kupita kiasi nayo ni sumu, kwa hiyo usimwage premiksi kwa kukisia. Vitamini C panya hujitengenezea mwenyewe. Usitumie fedha huko.

Dalili hizi zikitokea keji nyingi kwa pamoja wiki chache baada ya kufungua mzigo mpya, simamisha gunia hilo, weka gramu 500 kwenye friza kwa uchunguzi, na ulishe mzigo mwingine. Wakipona baada ya kubadilishiwa, una jibu hata kabla majibu ya maabara hayajarudi.

Joto, mwanga na hewa

Chumba kiwe nyuzi 20 hadi 26, unyevu 40 hadi 60%, saa 12 za mwanga na 12 za giza. Weka kipimajoto kwenye rafu ya juu na kingine ya chini, si mlangoni. Tofauti ya nyuzi 3 kati ya rafu inaweza kutokea umeme ukikatika mchana wa jua, na hapo keji za juu ndizo zinazoumia. Panya hatoi jasho wala hahemi kama mbwa, hujipaka mate. Ukiona shingo na kifua vimelowa mate na panya wamelala wamenyooka mbalimbali badala ya kukusanyika, joto limeshawazidi. Hamishia keji chini sakafuni, fungua hewa, punguza idadi kwa keji. Usimtumbukize kwenye maji baridi. Baada ya siku za joto kali tarajia madume kukosa mbegu nzuri kwa wiki kadhaa, usimlaumu jike.

Miezi ya Juni hadi Agosti hewa hukauka. Watoto wanaonyonya wanaweza kupata mibano kama pete kwenye mkia, na kipande cha mbele kikafa kikakatika. Pandisha unyevu na uongeze kiota: gramu 8 hadi 10 za karatasi laini iliyochanwa kwa keji. Pamba ndefu isitumike, nyuzi zake hujifunga miguuni mwa watoto na kuikatia damu.

Mwanga mkali huua retina ya panya weupe. Lux 325 (lux ni kipimo cha mwanga) kwa urefu wa mita 1 kutoka sakafuni zinatosha mfanyakazi kuona. Rafu ya juu iliyo karibu na taa iwekewe kivuli.

Maranda ya msonobari na mierezi yenye utomvu huamsha vimeng'enya vya ini, na dawa unayoipima itaondoka mwilini haraka kuliko kawaida. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa ni hatari ya wazi. Maganda ya mpunga, yanayopatikana kwa wingi huku, yanafaa yakipepetwa vumbi na ncha kali, yakakauka na kutakaswa. Ukiona macho mekundu au vidonda mdomoni, rudi uyaangalie. Badilisha matandiko kabla hujasikia harufu ya amonia, kwa sababu pua yako iko juu na yake iko ndani ya keji.

Jambo moja la kipekee: madume peke yao wakianza kufa, majike wazima, hasa ukoo wa DBA/2 au C3H, uliza kama kuna aliyefungua klorofomu karibu. Homoni za kiume huzifanya figo zao zife kwa mvuke mdogo wa kemikali hiyo. Klorofomu isiingie jengo la panya kabisa.

Meno, ngozi na ugomvi

Meno ya mbele hukua maisha yote. Yasipokutana hujipinda, na mnyama hukonda polepole huku mate yakilowesha kidevu. Kagua kila anayekonda na kila anayeachishwa. Yanaweza kukatwa kila wiki 1 au 2 kwa kisagio kidogo cha daktari wa meno; kikata kucha hupasua jino hadi kwenye mzizi na kuleta jipu. Kwa kuwa tatizo mara nyingi hurithiwa, asizalishwe.

Manyoya yaliyonyolewa safi usoni au mgongoni, ngozi ikiwa nzima na masharubu yamekatwa, ni kazi ya mwenzake. Mwenye masharubu kamili ndani ya keji ndiye kinyozi. Ongeza kiota na mirija ya karatasi ya kujifichia.

Vidonda vya katikati ya mabega kwa panya weusi wa ukoo wa C57BL/6 ni habari nyingine. Huanza kwa kujikuna, huchimbika, na ngozi ikipona hukaza hadi mguu usinyooke. Kwanza hakikisha si utitiri wa manyoya: bandika utepe wa kunata mgongoni, uweke kwenye darubini. Kama hakuna, kata kucha za miguu ya nyuma, kwani ndizo zinazochimba, na safisha kidonda kwa klorheksidini hafifu. Kucha zikatwe tena zikikua. Kidonda kikiendelea kupanuka au mwendo ukibanwa, usicheleweshe kumpumzisha.

Madume wapangwe pamoja siku ya kuachishwa na wasichanganywe tena, hasa aliyekwisha kukaa na jike. Vidonda vya ugomvi viko mkiani, matakoni na sehemu za siri. Unapobadilisha keji, hamisha kiota kikavu kwenda keji safi, usihamishe matandiko yenye mkojo.

Ukoo

Soma tabia za ukoo wako kabla ya kuununua, la sivyo utaita ugonjwa kitu kilichoandikwa kwenye damu. C57BL/6 huzaa watoto wachache wenye jicho dogo, mara nyingi la kulia na kwa majike, na wengine wenye kichwa kilichofura kwa maji wakiwa na wiki chache. Hupoteza pia usikivu wakikua. FVB, C3H na SJL ni vipofu tangu karibu na kuachishwa, kwa hiyo jaribio la kutafuta njia kwa macho halina maana kwao. DBA/2 wachanga huanguka degedege kwa sauti kali, na BALB/c, C3H na DBA/2 hupata chokaa kwenye moyo, zaidi chakula kikiwa na fosforasi nyingi na magnesi kidogo. AKR wengi hufa kwa saratani ya tezi ya kifuani kati ya miezi 6 na 12. Panya weupe wa Swiss, walio wengi katika maabara zetu, huelekea kupata amiloidi (protini inayojikusanya na kuharibu kiungo) kwenye figo, na ugomvi huiharakisha.

Uzee

C57BL/6 wa miezi 18 hadi 24 ni mzee. Kuanzia hapo apimwe uzito kila wiki na aguswe tumbo. Figo huchoka: anakunywa sana, anakojoa sana, anakonda. Majike hupata uvimbe wa ovari na mji wa mimba uliojaa vifuko vya maji. Madume vifuko vyao vya shahawa hufura mpaka mtu aliyepasua kwa mara ya kwanza adhani ni saratani. Uvimbe wa kweli hupatikana kwenye mapafu, ini na tezi. Ukifika sentimita 2, au ukipasuka, au ukimzuia kutembea, mwisho wake umefika bila kujali jaribio limebakiza siku ngapi.

Dume mwenye sehemu za siri zilizolowa mkojo na tumbo gumu amezibwa njia. Hapa kuna kosa la kawaida la wapasuaji: dume yeyote anapokufa anaweza kutoa shahawa inayoganda kwenye mrija wa mkojo. Kigando peke yake hakithibitishi kitu. Tafuta kibofu kilichojaa na wekundu wa kuvimba.

Kupasua mzoga

Mzoga wa gramu 25 huoza upesi, na joto letu huongeza kasi. Uliyemkuta amekufa mtie kwenye friji ya nyuzi 4, si friza. Barafu hupasua seli. Bora zaidi ni kumpumzisha mgonjwa kwa utaratibu uliopitishwa. Kwa kaboni dayoksidi, gesi iingie polepole kwa 30 hadi 70% ya ujazo wa chombo kwa dakika, na chombo kisijazwe kabla yeye hajaingia. Hakikisha kifo kwa njia ya pili.

1. Pima uzito, andika hali ya mwili, kagua meno, macho, mkia, kucha na sehemu za siri.

2. Lowesha manyoya kwa alkoholi ya 70%, mlaze chali, chana ngozi kutoka kinena hadi kidevu. Ngozi iliyonata inaonyesha ukavu.

3. Fungua tumbo bila kugusa utumbo. Angalia tumbo la chakula kwanza: lina nini? Kwa mtoto anayenyonya, doa jeupe la maziwa linaonekana hata kabla ya kupasua. Likikosekana, tatizo liko kwa mama au kwa ubaridi.

4. Linganisha figo mbili, rangi ya ini, ukubwa wa bandama. Madoa meusi ya bandama kwa C57BL/6 ni rangi tu ya ukoo.

5. Fungua kifua, toa moyo na mapafu pamoja.

6. Kata vipande visivyozidi unene wa milimita 5 na utie kwenye fomalini mara 10 ya ujazo wao.

Fomalini ya lita 1 hutengenezwa kwa mililita 100 za fomalidehaidi ya 37 hadi 40%, mililita 900 za maji yaliyoondolewa madini, gramu 4 za sodiamu fosfeti yenye haidrojeni mbili na gramu 6.5 za ile yenye haidrojeni moja isiyo na maji. Fanyia kazi hiyo penye hewa, ukiwa na glavu na miwani. Bila chumvi hizo mbili fomalini huwa chachu na kuacha vumbi la kahawia kwenye tishu, litakalomchanganya msomaji wa slaidi.

Juu ya kila chupa andika kwa penseli, maana wino hufutwa na alkoholi: namba ya panya, ukoo, tarehe ya kuzaliwa na ya kufa, keji, rafu, na namba ya gunia alilokuwa akila.